Ndita Mlizozizima Bila Kuniambia

Mwanangu Zainabu, mama yangu,

Asalaam aleikum. Mwili wangu mzima. Roho usiniulize.

Wewe na mama yako mmekwenda Brooklyn Park kuwaaga watu, nami nimebaki hapa nyumbani Coon Rapids na meza ya jikoni na chai. Unajua kuandika nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima, tena darasani nilikuwa nakwenda siku isiyo na mnada. Lakini herufi zangu zinasimama wima, hata mwalimu alisema, na alikuwa mtu asiyesifu ovyo. Wewe Kiswahili unakisoma kwa kujikwaa, mimi nakiandika kwa kujikwaa. Tutakutana mahali.

Sitakwambia habari za kodi ya nyumba, wala tairi za gari, wala umwamini nani na nani usimwamini. Hayo mama yako ameshayasema, nimeyasikia kupitia ukutani. Kesho unapanda ndege kwenda Arizona kwenye kliniki ya nyuso, kuwachoma watu sindano za makunyanzi. Na mimi baba yako, mpaka saa hii, sijui kama unafuata kazi au unanikimbia mimi. Hilo ndilo lililoniweka mezani. Zamani ningejua bila kuuliza. Ningekutazama tu basi. Sasa nakutazama, naona paji la uso kama sahani iliyokwisha oshwa.

Mmenisaliti. Nalisema mapema nisije nikalizunguka. Wewe na mama yako mmenisaliti ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe, huku mnanikaribisha chakula.

Ngoja nikueleze nilikuwa na nini, maana pengine hujui mlichokichukua.

Mimi Ramadhani nilikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe na mbuzi kwetu Singida. Waulize watu wa kule. Walikuwepo madalali waliosoma, wenye kalamu mfukoni, na wote niliwapita. Mimi kalamu ya nini? Muuzaji anataja bei, simsikilizi. Namtazama hapa, katikati ya nyusi. Mdomo wa mtu umefundishwa kusema, unaweza kusema lolote. Hapa katikati hapajafundishwa na mtu. Mwenye shida anakunja hivi, mwenye uongo anakunja vile, anayeogopa kurudi nyumbani na mnyama wake paji linampanda juu lenyewe. Nilikuwa naijua bei ya mwisho ya mtu kabla yeye mwenyewe hajaijua. Na huku Marekani nilikuja sina Kiingereza zaidi ya asante na kwaheri, nikaenda mwenyewe kwa Wazungu wa mashambani kule mbele ya Anoka kununua mbuzi wa sherehe zetu, na sijalanguliwa hata mara moja. Wenzangu wenye Kiingereza chao wamelanguliwa. Mimi hapana.

Na wewe nilikusoma tangu siku ya kwanza. Ulizaliwa umekunja ndita. Wanawake waliokuwepo walicheka, wakasema huyu ni Zainabu mwenyewe kaja tena, maana marehemu mama yangu alikuwa na ndita mbili zilizosimama kati ya nyusi kama alama ya kwato ya mbuzi kwenye udongo mbichi. Ndiyo sababu ukapewa jina lake, na ndiyo sababu nakuita mama. Jina hilo hukupewa kwa pua wala kwa macho. Ulipewa kwa hizo ndita.

Ulipoanza shule hapa ukaacha kunijibu kwa Kiswahili. Ukawa unanijibu Kiingereza, tena cha haraka. Mama yako alisikitika sana. Mimi sikusikitika. Nilimwambia mwache mtoto aongee anavyotaka, mimi ninazo ndita zake. Ukishuka basi la shule kwato imekolea, najua kuna mtu kakuudhi. Ikiwa imefifia, najua ni njaa. Unakumbuka yule mtoto aliyekuwa anakucheka nywele? Hukuniambia neno. Kesho yake nilikuja kusimama kituoni na koti langu refu, nikamtazama mpaka basi likaondoka, na hakurudia. Ulidhani nani aliniambia? Mimi na wewe hatukuwa na lugha moja ya kukaa tukaimaliza, mama, lakini hiyo tulikuwa nayo. Nilidhani ni mali yetu wawili.

Na ndita za mama yako ndiyo usiseme. Nilizijua kuliko barabara ya kwenda kazini. Unaikumbuka ile Idi nilipoweka mbuzi gereji, wakalia mpaka jirani akaita polisi akidhani kuna mtoto anateswa? Polisi alifungua, akaona mbuzi, akacheka, akaondoka zake. Mama yako hakucheka. Ndita zake zilikaa pale siku nyingi kuliko nyama yenyewe. Na mimi nilifanya nilivyozoea kufanya. Nikiona ndita, nachukua funguo za gari. Naenda mashambani kuzunguka, natazama mbuzi, naongea na Wazungu kwa vidole, nikirudi hasira imeshapita na chakula kiko mezani. Nilijiona fundi. Wanaume wenzangu wanagombana na wake zao mpaka majirani wanajua, mimi nyumbani kwangu hapajawahi kuwa na ugomvi. Nilijisifu hivyo kwa watu, na wewe umenisikia.

Kisha zikaja zile siku za amani.

Nilinunua ile van kuukuu bila kumuuliza mtu. Mama yako akaitazama pale nje, akasema sawa, uso mtulivu. Nikakataa kwenda kupimwa macho. Sawa. Ukaja wewe, ukasema unataka kupanga nyumba Saint Paul na wauguzi wenzako, nikasema binti yangu haondoki hapa kabla ya kuolewa, na maneno hayo ni ya mwisho. Ukanitazama, paji laini, ukasema, "Sawa, Baba." Ukaenda kuosha vyombo.

Nikajiambia, Ramadhani, umefika. Wengine wakizeeka wanakuwa wakali hakuna anayewataka. Wewe umezeeka umekuwa mtu mwema, mpaka nyumbani kwako hakuna anayekukunjia uso. Hata funguo sikuzigusa tena jioni. Nilikaa sebuleni na nyinyi, tukatazama televisheni. Niliacha kuuliza kama kuna jambo, kwa sababu kwa nini niulize nikiwa naona? Nilikuwa na furaha, Zainabu. Nakwambia ukweli huo ili ujue mahali mliponipiga. Sindano haikuniuma. Kilichoniuma ni kuniacha niamini kwamba mimi ni mtu mwema.

Sasa ile sherehe ya kumuaga binti wa Mzee Issa. Ulikuwepo, lakini hukuwepo ndani ya kichwa changu, kwa hiyo sikiliza.

Walinipa maiki kama mzee wa watu. Walifanya vizuri kunipa, hakuna mwingine pale anayeweza kusema bila karatasi. Nikamwambia bwana harusi, ukitaka kumjua mwanamume usimtazame yeye, mtazame mkewe usoni. Nikanyoosha mkono. Nikasema mtazameni Mama Zainabu, miaka yote hii ya theluji na zamu za hospitali, paji lake halina mkunjo hata mmoja. Mke asiyekunja uso ni mke aliyetunzwa. Nikaona meza ya wanawake wote wameinama, mabega yanatikisika. Nikadhani wameguswa. Nikaongeza, mama yangu, nikaongeza. Nikasema na binti yangu mtazameni, ni matunzo yale yale.

Ndipo Mama Njeri, yule Mkenya anayefanya kazi wodi moja na mama yako, akashindwa kujizuia. Hakuwa na maiki lakini ukumbi mzima ulimsikia.

"Mzee, hiyo si matunzo. Hiyo ni sindano. Si mimi ndio huwa nawapeleka?"

Walicheka wote. Bwana harusi alicheka, yule niliyekuwa namfundisha. Kicheko chenyewe si kitu, mnadani watu wanachekana kutwa nzima na jioni wanakula pamoja. Kilichonimaliza ni kwamba niligeuka kumtazama mama yako, nijue kama ameona aibu, au amekasirika, au ananihurumia. Sikuona kitu. Nikakutazama wewe. Sikuona kitu. Nyuso mbili laini kama mayai, na mimi nimesimama mbele ya watu nimeshika maiki kama mtu aliyepewa gazeti la Kichina.

Tuliporudi nilikuuliza tangu lini. Ukasema tangu una miaka ishirini na nne. Nikakuuliza, mtoto wa miaka ishirini na nne ana kunyanzi gani? Ukanieleza kwa upole, kama unavyowaeleza wagonjwa wako. Kwamba hungoji kunyanzi lije. Unaanza wakati mkunjo unaonekana ukikunja na ukiachia unapotea, kwa sababu ukishachimba mfereji ukabaki pale hata umelala, sindano itaupunguza lakini haitaufuta. Kwamba wapo madaktari wanaosema ngoja thelathini na kitu, wapo wanaosema mapema, wapo wanaokwambia huhitaji kabisa, na hakuna umri mmoja wa watu wote. Kwamba dawa yenyewe haidumu, ikipita miezi mitatu minne uso unarudi, na inabidi uchomwe tena.

Usidhani sikuelewa. Nilielewa vizuri sana, ndiyo maana nikazidi kukasirika. Kwa maana hiyo kila miezi minne mlipata nafasi mpya ya kuniambia, na kila miezi minne mkaniacha.

Halafu ukasema, "Na wewe nywele zako, Baba? Unadhani hatuoni mto wako una madoa meusi?"

Nikakujibu, "Nywele hazisemi kitu. Nikizipaka rangi namdanganya bosi. Sijamdanganya mtu wa nyumbani kwangu."

Hapo nilikushinda, kubali.

Mama yako sikumshinda. Nilimuuliza kwa nini hakuja kuniuliza kwanza. Akasema, "Ningekuuliza ungesema nini?" Nikasema ningekataa. Akasema, "Haya." Nikadhani amemaliza, nikanyoosha mkono kuchukua funguo pale mezani. Akazifunika kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Miaka yote hii ukiona nimekasirika unaondoka. Hujawahi kunisikia mpaka nikamaliza. Unanisoma kama bei ya mbuzi, Baba Zainabu, halafu unakimbia kabla hujalipa. Nilichoka kuwa na uso unaomfukuza mume wangu nyumbani. Nilitaka ukae."

Wewe ulikuwepo, uliona nilichofanya. Nilipiga kelele. Nilisema umri wa mwanamke kuanza upuuzi huo ni miaka hamsini, na anayeanza kabla ya hapo asiwe mwanangu. Mama yako akaniambia yeye ameanza na hamsini na moja, kwa hiyo yeye yumo. Ulicheka. Au nadhani ulicheka, sauti ilikuwa ya kucheka.

Baridi yote tuliishi hivyo, salamu na nipe chumvi, basi. Ilipoanza kuyeyuka theluji ukatwambia tukiwa tunakula kwamba umepata kazi Arizona. Ulisema kama mtu anayeomba apitishiwe maji. Sikuliona likija. Mimi, niliyekuwa naona bei ndani ya kichwa cha mtu, binti yangu amefunga safari ndani ya nyumba yangu na sikuliona likija. Nikasema nenda, ila mimi uwanja wa ndege sikupeleki. Ukasema, "Sawa, Baba."

Hiyo sawa ndiyo inayonitafuna. Ni ile ile ya Saint Paul, sauti ile ile, paji lile lile. Ile ya Saint Paul niliipokea kama heshima, nikalala usingizi. Sasa najiuliza, kumbe ilikuwa nini? Nilimuuliza mama yako. Akasema, "Kamuulize mwenyewe. Ana mdomo." Sikuja kukuuliza. Nimezoea kujua, sijazoea kuuliza, na katika umri wangu kuuliza ni kama kujifunza kuendesha baiskeli mbele ya watoto.

Sasa kuhusu umri, maana hilo ndilo litakuwa kazi yako. Atakuja binti wa watu, akae kwenye kiti chako, akuulize dada nianze lini. Utamwangalia ngozi, utamwambia kunja, achia, utaona mkunjo unabaki au unaondoka. Hayo umesomea, siyaingilii. Mimi nimekagua umri wa wanyama maisha yangu yote. Unamfungua mdomo, unatazama meno, umemaliza. Walikuwepo wauzaji wanaompaka ng'ombe mzee mafuta na kumlisha chumvi anywe maji avimbe, na mimi niliwaumbua wote. Usinune, sikulinganishi na ng'ombe. Nasema nilikuwa najua umri unakaa wapi, na kwa binadamu nilidhani unakaa usoni.

Neno langu la hamsini silirudishi. Mimi si mtu wa kurudisha maneno. Naliongezea tu. Huyo binti muulize, nyumbani kwenu nani anakusoma uso? Pengine ni mtoto wake ambaye hajajua kusema. Pengine ni bibi yake asiyesikia vizuri. Pengine ana baba kama wako, hawana lugha moja iliyokamilika. Akikwambia yupo, mwambie aende akamwambie kwanza, kiti kitamngoja. Na kama hathubutu kumwambia, basi umri bado, awe na ishirini au sitini. Umri umefika siku mtu anapoweza kukaa mbele ya mtu wake akasema kwa mdomo, nimekasirika, sitaki, umeniumiza. Akishaweza hivyo, paji la uso liko huru, alichome anavyotaka, hakuna anayeibiwa. Wewe kwa miaka ishirini na nne ulikuwa hujafika. Mama yako kwa hamsini na moja alikuwa hajafika. Na mimi usinipime.

Wala sikwambii uache. Uso ni wako. Nilitaka kusema ni wa mama yangu, nimeandika hivyo kisha nikakata, umeona nilipokata hapo juu ya mstari. Ni wako.

Jambo moja hulijui. Mama yako hajarudi kliniki tangu ile sherehe. Mimi sikumkataza, tulikuwa hata hatusemeshani. Juzi wewe ukiwa kazini alisimama dirishani akiitazama ile van, na nikaona kitu kidogo kati ya nyusi zake, kama uzi. Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Kisha mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe kutafuta funguo. Nikautoa. Nikamuuliza, ni van? Akasema, "Van ni mwanzo tu." Nikavuta kiti. Alisema mpaka ugali ukawa jiwe. Mengine hayakuwa kweli, na nilimwambia hayo si kweli. Mengine yalikuwa kweli. Mojawapo lilikuwa lako, la Saint Paul, lakini alipofika hapo akaacha, akasema hilo si langu kulisema.

Kwa hiyo lipo. Hilo ndilo ninalolijua, kwamba lipo.

Kesho nakupeleka mimi. Najua nilichosema, usinikumbushe. Mama yako atakuaga hapa mlangoni aende zamu yake, tumeshapatana. Barua hii nitakupa asubuhi kwenye chai, uisome kabla hatujatoka, ukikwama neno niulize.

Bado nimeumia, na sitajifanya sijaumia ili usafiri vizuri. Kama kuna siku nitasamehe, nitakupigia simu nikwambie kwa mdomo, usikae unakisia. Lakini na wewe nakudai jibu. Unaondoka kwa sababu yangu? Nijibu ndani ya gari. Nijibu kwa Kiswahili kibovu, au kwa Kiingereza taratibu, nitakamata yale makubwa. Sitakutazama usoni, nitakuwa natazama barabara. Kutoka hapa mpaka uwanja wa ndege ni mwendo, magari asubuhi ni mengi, na usukani nitakuwa nimeushika mimi. Sema mpaka umalize. Siwezi kushuka.

Ni mimi baba yako,
Ramadhani